Faili Mkononi au Mkondo wa Mtandaoni: MP3 na Hatima ya Muziki Tunaousikiliza

Mwezi Aprili 2017, Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ambayo wahandisi wake walikuwa miongoni mwa waasisi wakuu wa MP3, fomati ya kubana sauti iwe faili dogo, ilitangaza kwamba imesitisha utaratibu wa kutoza leseni kwa watumiaji wa teknolojia hiyo. Vyombo vingi vya habari duniani viliandika kuwa MP3 imekufa. Kilichotokea kilikuwa kinyume kabisa: hataza, yaani haki za uvumbuzi zilizoilinda, zilikuwa zimefika ukomo wake, na tangu siku hiyo yeyote, awe mtengenezaji wa redio za bei nafuu au mwanafunzi anayeandika programu yake ya kwanza ya kuchezea muziki, aliweza kuitumia bila kumlipa mtu. Fomati ambayo kila mashine inaifahamu, na ambayo sasa haina mwenyewe wa kuidai ada, haifi upesi.

Kwa kinyozi ninayenyoa kwake kuna sabufa nyeusi yenye tarakimu nyekundu mbele, na ubavuni mwake imechomekwa flashi yenye nyimbo zaidi ya mia tano, zote MP3. Juu ya meza hiyo hiyo, kando ya chupa ya spiriti, imelala simu janja yake yenye programu mbili za kusikilizia muziki mtandaoni. Akitaka wimbo uliotoka jana usiku, huiunganisha simu na sabufa kwa Bluetooth. Bando likikata katikati ya ubeti, hubonyeza kitufe kimoja na flashi huendelea ilipoishia, wala mteja aliyeinamisha kichwa hajui kwamba chanzo cha muziki kimebadilika. Wanaobishana kama zama zijazo ni za faili au ni za utiririshaji, yaani muziki unaosikilizwa moja kwa moja kutoka mtandaoni, wangekaa kwenye kiti kile kwa nusu saa, wangeona kuwa vitu hivi viwili vinaishi pamoja, na kwamba kila kimoja kina kazi yake.

Ubishi wenyewe huchanganya mambo ambayo hayana budi kutenganishwa. Namna sauti inavyoandikwa kwa namba ni jambo moja, na namna namba hizo zinavyosafirishwa hadi kwenye sikio lako ni jambo jingine. Yote mawili hayajagusa bado swali ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote: wimbo ukishaisha, nakala yake inabaki kwa nani?

Tuanze na namba. CD huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 katika kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, na kazi hiyo hufanywa mara mbili kwa sababu kuna upande wa kushoto na wa kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani wimbo wa dakika nne hula megabaiti 42 hivi. Katika miaka ya 1990, intaneti ilipokuwa ikipita kwenye waya wa simu ya mezani, faili la ukubwa huo lilikuwa mzigo usiobebeka. Wahandisi waliokuwa chini ya mpango wa kimataifa wa MPEG wa kuweka viwango vya kubana sauti na video, akiwamo Karlheinz Brandenburg wa Fraunhofer, walitafuta njia ya kutupa sehemu kubwa ya sauti bila msikilizaji kugundua kuwa ameibiwa. Kiwango chao kilichapishwa 1993, na zile herufi .mp3 zinazomalizia jina la faili zilichaguliwa Julai 1995. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo ilizoeleka kwa miaka mingi, wimbo ule ule wa dakika nne hushuka hadi chini ya megabaiti 4.

Kinachotupwa hakichaguliwi ovyo. Sikio la binadamu lina udhaifu wake: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na huifunika pia ile inayofuata mara tu baada yake. Fidla zinapopanda pamoja kwenye kibwagizo cha taarab, uzi mmoja wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, unaolia kwa upole katika masafa yale yale haufiki kwenye ufahamu wako, ijapokuwa kipaza sauti kiliunasa. Programu ya kubana sauti hukagua muziki kwa vipande vya sampuli 1,152, yaani vile vipimo vya sauti, kipande kimoja kikiwa kama sehemu ya arubaini ya sekunde, na katika kila kipande hujiuliza ni kipi ambacho sikio lisingekisikia hata kingekuwapo, kisha hukiandika kwa biti chache sana au hukiacha kabisa. Masafa yanayozidi takriban kilohezi 16 kwa kawaida hukatwa katika kasi ya kilobiti 128, na watu wazima wengi hawaoni pengo.

Lakini ujanja huo una mahali unapokwama, na kwa bahati mbaya mahali hapo pamo ndani ya muziki wetu. Chukua kayamba. Sauti yake ni mamia ya mbegu zinazogonga matete kwa wakati mmoja, haina noti moja ya kushika, imesambaa kwenye masafa mengi na inaanza ghafla. Makosa madogo yanayotokana na ubanaji husambaa katika kipande kizima, yakiwamo yale mafungu ya sekunde yaliyotangulia mtikiso wenyewe, hivyo unasikia mnong'ono mchafu kabla kayamba haijagonga, kama mwangwi uliotangulia sauti yake. Ukisikiliza kwa vipokea sauti vizuri rekodi ya ngoma ya Pwani iliyobanwa kupita kiasi, kayamba hugeuka kuwa kitu kama maji yanayochemka. Anayesema MP3 za zamani zinatosha kwa kila kitu huenda hajaisikia kayamba ikichemka namna hiyo.

Madhara makubwa zaidi hutokea pale sauti iliyokwisha kubanwa inapobanwa tena. Ni jambo la kila siku: wimbo unapakiwa kwenye YouTube, YouTube inaubana upya kwa kodeki zake, yaani mbinu zake za kubana na kufungua sauti, mtu anauchomoa kutoka kwenye video na kuugeuza MP3, kisha anaurusha kwenye makundi ya WhatsApp, na mwingine anauweka kwenye flashi. Kila hatua inayoibana sauti upya inatupa kitu, na kilichotupwa hakirudi, sawasawa na karatasi iliyopigwa fotokopi ya fotokopi. Vibanda vinavyojazia watu nyimbo kwenye memori kadi hupenda kuandika kwamba nyimbo zao ni za kilobiti 320, na wateja huamini kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa. Faili lililotokana na video iliyobanwa likiandikwa upya kwa kilobiti 320 linanenepa tu, sauti iliyomo ni ile ile iliyokuwa imepungua. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi na kuusifu kuwa umejaa sufuria.

Sasa tuje kwenye utiririshaji, ambao watu wengi huuona kama kitu kisicho na faili ndani yake. Faili limo. Unapobonyeza wimbo kwenye programu ya simu, seva hukutumia vipande vidogo, mara nyingi vya sekunde chache kila kimoja, ambavyo viliandaliwa mapema katika viwango kadhaa vya ubora. Programu hupima kasi ya mtandao wako: mtandao ukiwa na nguvu inaomba vipande vizito, ukiyumba inaomba vyepesi, na ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuanza ukiwa safi na kuwa butu unapoingia bondeni. Ndani ya vipande hivyo mna fomati zile zile ambazo tungezikuta kwenye diski: AAC, iliyozaliwa 1997 kama mrithi wa MP3; Vorbis; au Opus, iliyokamilishwa 2012, isiyo na ada ya leseni, na ambayo kwa kilobiti 96 hutoa muziki ambao MP3 ingehitaji kasi kubwa zaidi kuufikia. Kwa hiyo kusema utiririshaji umeishinda fomati ni sawa na kusema basi limeishinda abiria.

Redio ya mtandaoni ni ndugu wa karibu wa utiririshaji lakini ina tabia yake, na hapa ndipo hesabu zinapoonyesha kitu ambacho wamiliki wengi wa vituo hukigundua wakiwa wamechelewa. Mtambo wa FM ukishawashwa, gharama yake ni ile ile, wawe wasikilizaji kumi au laki moja. Mtandaoni kila msikilizaji huchotewa mkondo wake mwenyewe. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza ni megabaiti 57.6, wasikilizaji 1,000 kwa pamoja wanahitaji megabiti 128 kila sekunde, na katika saa hiyo moja kituo kimetoa gigabaiti 57.6. Kadiri unavyopendwa ndivyo ankara inavyopanda. Vituo hujitetea kwa kutumia aina za AAC zilizobuniwa kwa kasi ndogo, ambazo kwa kilobiti 48 hushusha saa moja hadi megabaiti 21.6, na maneno ya mtangazaji yakabaki wazi, ingawa fidla zinapungua utamu. Hata hivyo redio hiyo inafika mahali ambapo FM haitafika milele. Mzanzibari aliyeko Maskati au Mmombasa aliyeko London anasikia taarifa ya habari ya nyumbani kwa dakika ile ile inayosomwa, na salamu za Idd zinamkuta jikoni kwake. Faili, hata liwe la ubora gani, haliwezi kutoa uwapo wa aina hiyo.

Msikilizaji naye ana hesabu yake. Kinyozi wangu angesikiliza mtandaoni kwa saa nane kila siku kwa kilobiti 128, angetumia megabaiti 460 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi angekaribia gigabaiti 12. Wimbo ulioko kwenye flashi ulilipiwa bando mara moja, megabaiti 4, na ukipigwa mara mia tano haumdai tena hata senti. Hii ndiyo sababu huduma zilizoielewa Afrika Mashariki hazikuitupa MP3. Mdundo, iliyoanzia Kenya, ilijengwa juu ya kumruhusu mtu apakue faili la MP3 bure kihalali huku matangazo ya biashara yakilipia, na kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa imeshawekwa ndani ya simu za TECNO kabla mteja hajazifungua. Spotify ilifika Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021, baada ya wenzake kuwa wamekwisha kujifunza kwamba katika nchi hizi muziki lazima uweze kusikika hata bando likiwa limekwisha.

Kwa upande wa fedha, utiririshaji umekwisha kushinda, na sioni faida ya kulificha hilo. Kwa mujibu wa IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, mwaka 2023 utiririshaji ulileta asilimia 67.3 ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa duniani. Duka la iTunes, lililofunguliwa Aprili 2003 na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani, ndilo lililofundisha dunia kununua faili, lakini biashara hiyo ya kununua imesinyaa na kubaki kona ndogo. Tofauti kwa msanii ni kubwa. Aliyeuza faili alilipwa mara moja na mapema. Anayetiririshwa anasubiri fungu lake kutoka kwenye kapu linalokusanywa nchi kwa nchi, hivyo wimbo uliosikilizwa Dodoma, ambako ada ya mwezi ni ndogo na wengi husikiliza bure, huingiza kidogo kuliko ule ule uliosikilizwa Oslo. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya kurekodi kwa wimbo ambao haujafikisha masikilizo 1,000 katika miezi 12. Kwa mwimbaji wa bongo fleva mwenye jina, hilo ni kizingiti asichokiona. Kwa kikundi cha kidumbaki cha Unguja kilichorekodi nyimbo nane na kuziweka huko ili zisipotee, linaweza kumaanisha kutopata chochote.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la nakala. Kwa miaka mitatu nilijikusanyia kwenye programu moja ya kulipia orodha ya taarab asilia, nikiipanga kwa mfuatano niliousikia utotoni harusini. Asubuhi moja nilikuta nyimbo saba zimegeuka rangi ya kijivu. Majina yalikuwapo, picha ya jalada ilikuwapo, sauti haikuwapo. Mkataba kati ya wenye huduma na wenye haki ulikuwa umekwisha, na mimi niliyekuwa nikilipa kila mwezi sikuwa upande wowote wa mkataba huo. Nilichokuwa nimenunua kilikuwa ruhusa ya kusikiliza, nayo ilikuwa na mwisho. Hata nyimbo ambazo programu hizi huziita zimepakuliwa ziko chini ya kufuli. Spotify, kwa mfano, humtaka mtumiaji aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo alizozihifadhi kwenye simu hazifunguki.

Kufuli hizo zina historia. Mwaka 2008 Microsoft iliwaarifu wateja wa duka lake la MSN Music kwamba itazima seva zinazotoa funguo za nyimbo walizonunua, maana yake ni kwamba wangebadilisha kompyuta, nyimbo walizolipia zisingefunguka tena. Malalamiko yakailazimu isogeze mbele tarehe hiyo. Na mwaka 2019 ikajulikana kwamba Myspace, ambako wanamuziki chipukizi wa dunia nzima walikuwa wakiweka kazi zao, imepoteza muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015 wakati wa kuhamisha seva. Makadirio yaliyotajwa yalikuwa nyimbo milioni 50. Waliokuwa na mafaili yao nyumbani walipoteza anwani tu. Waliodhani kuwa kupakia ni kuhifadhi walipoteza kazi yenyewe.

Kwa hiyo zama zijazo naziona hivi. Katika usikilizaji wa kila siku fomati itazidi kutoonekana. Watu hawatajua kama wanasikiliza AAC au Opus, kama ambavyo hawajui maji ya bombani yametoka kisima kipi. MP3 itaendelea kuwa lugha ya pamoja ya sabufa, redio za gari, bajaji na simu za kitochi, kwa sababu vifaa vingi vya bei nafuu vinaisoma na haviwezi kusoma fomati nyingine mpya. Sauti isiyopunguzwa, yaani ile ambayo haikutupwa kitu, nayo imeingia mtandaoni: Apple iliifungua Juni 2021, Spotify ikafuata Septemba 2025. Siipuuzi, ila wimbo wa dakika nne katika hali hiyo huweza kufika megabaiti 25 au zaidi, na ukiupeleka kwenye spika kwa Bluetooth ya kawaida unabanwa tena njiani. Msikilizaji anayenunua bando la siku hana sababu ya kuilipia.

Mahali ambapo sauti isiyopunguzwa haina mbadala ni kwenye kuhifadhi. Fomati ya FLAC, iliyoanzishwa 2001 na kupewa maelezo rasmi ya kiwango cha intaneti Desemba 2024, hubana sauti hadi karibu nusu ya ukubwa wake bila kutupa hata biti moja, na ukiifungua unapata kile kile kilichoingia. Msanii anayetoka studio na MP3 iliyotumwa kwa WhatsApp ametoka na fotokopi. Anapaswa kuidai WAV, faili la sauti ambalo halijabanwa, ya biti 24, na ikiwezekana kila ala na kila sauti peke yake, kwa sababu kodeki za mwaka 2040 zitahitaji kuanzia kwenye chanzo kizima, kama ambavyo Opus leo inatoa matokeo mabaya ikilishwa MP3 ya mwaka 2005.

Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, sauti yake iliandikwa kwenye santuri ambazo zilisambaa majumbani na mikahawani kote Pwani. Tunamsikia leo kwa sababu nakala zilikuwa mikononi mwa watu. Vizazi vilivyofuata, bendi za dansi zilizopiga katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, ziliacha kazi zao kwenye kanda za sumaku, na kanda huchakaa hata zikikaa kabatini bila kuguswa. Kwa kanda kama hizo wahifadhi wa sauti duniani hupendekeza sampuli 96,000 kwa sekunde kwa biti 24. Kwa kiwango hicho saa moja ya muziki ni gigabaiti mbili na kidogo, na diski ya terabaiti moja inayoingia kwenye mfuko wa shati hubeba takriban saa 480. Uhaba wa nafasi uliowasumbua wahandisi wa 1993 umekwisha. Kilichobaki ni mashine nzima ya kuchezea kanda, fundi anayejua kuisafisha, na muda, kwa maana kanda ya saa moja huchezwa kwa saa moja, mtu akiwa ameketi kando yake anasikiliza.